Ndugu wa mume wanataka kuuza shamba kwa ajili ya arobaini

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nipo Uyole, Mbeya. Mume wangu amefariki mwezi uliopita, ameniacha mimi, mama yake, na watoto wadogo: wa kiume wawili, wa kike mmoja. Kuna shamba la viazi, na deni la mbolea dukani. Mashemeji wanasema shamba liuzwe tufanye hitma ya arobaini ya heshima, kitakachobaki wagawane wao, maana mimi nipo edani. Hata genge langu wamelihesabu.

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo, akupe subira.

Nianze na genge, ndilo jepesi. Kama mtaji ni wako, au yeye alikupa na kukukabidhi akiwa mzima, ni mali yako. Halimo kwenye mirathi.

Shamba sasa. Katika mali ya marehemu hutangulia gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Arobaini haimo. Mwenye duka la mbolea yuko mbele ya sinia la pilau, na Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa nafsi ya muumini hufungwa na deni lake mpaka lilipwe. Alipouawa binamu yake Ja'far bin Abi Talib katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume aliagiza watu waipikie familia ya Ja'far. Siku hizi huku kwetu mfiwa ndiye anayehangaika na masufuria! Anayetaka hitma atoe mfukoni mwake. Mali yenye haki za mayatima hailiwi hivi hivi; onyo lake liko An-Nisaa, aya ya 10.

Mashemeji hawarithi kitu, kwa kuwa marehemu ameacha watoto wa kiume. Nawe pia usidhani yote ni yako. Una thumni (moja ya nane), mama mkwe ana sudusi (moja ya sita), baki ni ya watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Tuseme deni likishalipwa imebaki thamani ya milioni 12: wewe 1.5, mama mkwe 2, kila mvulana 3.4, binti 1.7.

Eda ni miezi minne na siku kumi, lakini mchana unaruhusiwa kutoka kwa haja. Nenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Viazi vilivyomo shambani vikivunwa, andika kila gunia kwenye daftari, la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo, liandikwe lumbesa, na fedha hiyo ianze kulipa mbolea. Huenda shamba lisihitaji kuuzwa kabisa.

Mama mkwe akipenda kuwaachia wajukuu sudusi yake, ni hiari yake. Asiombwe kikaoni mbele ya watu. Akabidhiwe kwanza, aamue akiwa kwake.