Tangi la maji machafu la kempa linavuja: kuziba au kununua jipya?

Swali: Kaka fundi, habari za kazi. Nina Coaster, basi dogo, iliyogeuzwa kempa ya kulala safarini, naikodisha kwa wageni hapa Bamburi. Chini ina matangi mawili ya plastiki, moja la maji ya sinki na bafu, jingine la choo. Tangu irudi safari ya Tsavo, hilo la sinki na bafu linadondosha maji na ndani kunanuka. Fundi mmoja alipaka silikoni, haikumaliza wiki ikabanduka. Mwingine ananiambia nitupe tangi ninunue jipya. Nishike lipi?

Jibu: Nzuri dada, na pole kwa usumbufu. Tangi jipya usinunue bado. Silikoni nayo achana nayo. Matangi mengi ya namna hii ni ya polietilini, plastiki ile ile ya mitungi na ya matangi ya maji tunayoweka juu ya nyumba, na silikoni haishiki hapo. Hukaa juu kama utando wa maziwa. Ukipata pa kuanzia, waubandua wote kwa ukucha. Gundi nyingi za dukani, epoksi ikiwemo, mwisho wake ni huo huo.

Kabla ya kuziba chochote, tujue maji yanatoka wapi. Mtu akiona chini ya tangi pamelowa, husema tangi limepasuka. Lakini maji hutambaa. Yatatoka kwenye kiungo cha bomba, yafuate ubavu wa tangi, yateleze juu ya mkanda wa chuma unaolishikilia, halafu yadondokee upande mwingine kabisa. Kempa ninazoletewa, zinazovuja kwenye vali ya kumwagia maji na kwenye maungio ni nyingi kuliko zilizopasuka tangi lenyewe. Na kwa joto letu la Mombasa, hakikisha kwanza si maji ya eyakondisheni: hayo hayana rangi, hayanuki, na hukoma ukiizima.

Fanya hivi. Mwaga tangi lote, suuza, kisha osha na ukaushe nje yake mpaka pawe pakavu kabisa. Zungushia karatasi za shashi kwenye vali, kwenye kila bomba linapoingia na kwenye bomba la kutolea hewa. Funga vali, halafu tia maji yenye rangi ya chakula, nyekundu ndiyo huonekana vizuri. Usijaze kwa mpigo. Tia robo, ngoja nusu saa, ulale chini na tochi utazame. Kisha nusu, kisha lijae. Shashi ya kwanza kuwa nyekundu ndiyo itakayokuonyesha mahali. Likianza kuvuja katika robo, tatizo ni vali au sakafu ya tangi. Likivumilia mpaka limejaa ndipo lidondoshe, angalia maungio ya juu. Ukiona kavu kila mahali, endesha gari mpaka barabarani na kurudi kisha uangalie tena, kwa sababu nyufa nyingine hufunguka tangi likitikisika tu.

Tuseme ni vali. Ile ya kuvuta ina kibao katikati na mpira kila upande, vimebanwa kwa boliti nne. Kempa za pwani huumia hapa kwa sababu ya mchanga: mgeni anatoka baharini, anaoga, na mchanga wote unakwenda tangini. Punje zikikaa kwenye mpira, kila ukivuta mkono wa vali zinaukwangua. Fungua boliti, toa kibao, upitishe kidole kwenye mpira. Ukikuta mkwaruzo, badilisha mipira yote miwili. Pakaa grisi ya silikoni, si vaselini wala grisi ya gari, kwa kuwa mafuta ya petroli huvimbisha mipira ya aina nyingi. Rudisha kwa boliti za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi haikusamehe. Kisha mwekee mgeni ndoo ya kusuuzia miguu mlangoni. Itakuokolea vali kuliko dawa yoyote.

Ikiwa ni ufa, lazima ujue plastiki yake kwanza. Kwangua kipande chembamba kama ukucha mahali pasipoonekana, ukitie kwenye glasi ya maji baridi ukizamishe kwa kidole. Kikirudi juu, yaelekea ni polietilini. Kikizama, huenda ni ABS, plastiki nyingine ngumu ambayo baadhi ya matangi ya kempa hutengenezwa nayo. Hiyo asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, huilainisha, lakini polietilini haiguswi nayo. ABS ni rahisi: yeyusha vipande vyake katika asetoni mpaka uwe uji mzito, paka juu ya ufa uliokwaruzwa kwa msasa, na ukazie kiraka cha ABS juu yake. Mbali na moto, tafadhali.

Polietilini huchomelewa kwa hewa ya moto. Toboa tundu dogo la milimita tatu kila mwisho wa ufa, usiendelee kutembea. Kisha chonga ufa uwe umbo la V, uupashe pamoja na uzi wa plastiki ya aina ile ile, ukiusukuma ndani polepole mpaka pande zote mbili zianze kung'aa na kushikana. Huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, ila bunduki ya hewa huwekwa karibu 300. Ikiwaka au ikibadilika rangi umezidisha. Fundi anayechomelea matangi ya maji ya nyumbani atakufanyia, na mwambie atumie mabaki ya tangi la aina hiyo, si kipande cha bomba la PVC, ambalo halishikani nayo hata kidogo.

Hapa nakusihi: tangi la choo likija zamu yake, usikaribishe moto kabla ya kulisuuza mara kadhaa, kufungua kila mlango wake na kuliacha lipate upepo. Uozo wa choo hutoa gesi inayoshika moto na nyingine yenye sumu. Na ukilisafisha, usichanganye maji ya klorini na dawa ya choo yenye asidi. Hewa inayotoka itakutoa chooni ukikohoa.

Lakini hata ukiziba vizuri, bado hujatibu. Kwa nini lilianza kuvuja baada ya Tsavo? Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 90 likijaa ni kilo 90 zinazoning'inia chini ya gari, zikirushwa na ile barabara ya mawimbi. Mikanda ikilegea, tangi hucheza na bomba lisilocheza ndilo linalopasuka. Shika tangi kwa mikono miwili ulitikise likiwa tupu. Likisogea, kaza mikanda, utie ukanda wa mpira katikati ya chuma na plastiki, na mkanda ulioliwa na kutu ubadilishwe. Angalia pia mkwaruzo kwenye vali: Coaster ina mkia mrefu, na maji yakipwa sana ngazi ya feri ya Likoni huwa na mteremko mkali, mkia ukaburuza chini. Anayetaka kwenda Diani na tangi limejaa, apitie barabara ya Dongo Kundu isiyovuka kwa feri, au amwage kwanza.

Kumwaga ni kwenye shimo la maji taka la mwenye nyumba au hoteli iliyokubali, sio kwenye mitaro ya mvua inayoishia baharini.

Tangi jipya nunua tu ikiwa ufa umepita kwenye kona iliyopinda, au lile la zamani limekuwa jeupe na kukauka kwa jua, likichongwa linavunjika kama biskuti. Hilo halichomeleki, na fundi wako wa pili atakuwa amesema kweli.