Nyie wa fildi msimu huu, kiduha hakichumwi hivyo

Jamani, nimepitia sampuli zenu za kiduha, lile gugu linalonyonya mimea mingine, nikachoka. Mizizi hakuna, maua yamepukutika, halafu lebo imeandikwa "porini, kwenye nyasi". Nyasi gani sasa?

1. Hiki kimmea ni cha msimu mmoja na kinaishi kwa kunyonya mizizi ya jamii ya nyasi, kwa hiyo makazi yake ndo huyo nyasi mwenyewe. Chimbeni na udongo wake, osheni kwenye ndoo polepole mpaka muone pale kiliposhika mzizi wa mwenzake, mkaushe vyote pamoja. Ukikivuta tu kinakatika, jibu linabaki chini.

2. Rangi andika palepale, maana kikikauka kinageuka cheusi chote. Umeshachelewa? Chukua lenzi, hesabu mistari iliyotuna kwenye kikombe cha kijani kinachoshika ua, 10 ni Striga asiatica, 5 ni Striga hermonthica, hayo ni majina ya kitaalamu ya aina mbili za kiduha.

3. Mbegu. Hapa mnivumilie. Nikiwa mgeni kama nyie nilichuma kiduha mbugani, vidonge vyake, yaani vifuko vya mbegu, vishapasuka, jioni tukafikia kwa mzee mmoja nikakaa ukingoni mwa mtama wake kubadilisha magazeti ya presi, ile ya kubania na kukaushia mimea, na kila gazeti nalikung'uta kwanza, si najifanya msafi! Vumbi la kahawia likawa linapeperuka tu, kumbe ndo mbegu zenyewe, moja haifiki hata nusu milimita na mche mmoja unamwaga maelfu kwa maelfu. Tuliporudi msimu mwingine mzee akaniita, "mwanangu, njoo uone maua yako." Mekundu, mazuri, palepale nilipokaa, na mtama pembeni umedumaa, majani yanasinyaa wakati mvua ipo, maana kiduha kinaanza kunyonya kikiwa bado chini ya udongo, ukikiona juu ujue hasara ilishaanza. Hakunigombeza, alinikaribisha uji, nikashindwa hata kuumeza. Mbegu hizo zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zimelala, mpaka mzizi wa mtama au mahindi utoe kemikali yake karibu ndo ziamke. Huwezi kumwambia mtu samahani ya miaka yote hiyo.

4. Kwa hiyo vidonge kwenye bahasha ya kuzibwa, viatu na mikunjo ya suruali mkung'utie hukohuko mlikochuma.

5. Na aliyeandika kwenye lebo kwamba asiatica imeshika mzizi wa maharage, shamba lile lina mahindi katikati, aje anioneshe huo mzizi wa maharage, nina lenzi mezani namsubiri.