Mbeleko ile ni wazo la nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama wazo zuri huzaliwa na mtu mmoja au na kundi. Mimi nilikuwa nikisema mtu mmoja. Makundi niyajuayo, kuanzia chama hadi kamati ya harusi, humfuata mwenye sauti kubwa, na wengine huitikia ili kikao kiishe.

Sisi mafundi wa cherehani hapa Kariobangi tulikuwa na magunia ya vipande vya vitenge, hatujui tuvishone nini. Kila tukikutana, mwenyekiti anasema vikapu vya soko, nasi tunakubali. Ndipo binti wa mwenzetu, aliyekuwa chuoni, akatugawia karatasi. Njia yenyewe ni ya Mjerumani Bernd Rohrbach, ya mwishoni mwa miaka ya 1960: watu 6, kila mmoja aandike mawazo 3 kwa dakika 5, ampe jirani karatasi, naye aendeleze aliyoyakuta. Ikizunguka nusu saa, mawazo yaweza kufika 108. Masharti ni kunyamaza, kwa sababu ukingoja mwenzako amalize kusema, lako linapotea.

Karatasi moja naikumbuka vizuri. Juu palikuwa na mwandiko mdogo wa dada ambaye vikaoni hatukuwahi kumsikia: "Mbeleko yenye mfuko wa nepi." Chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Mfuko utoke, ufuliwe peke yake." Kisha: "Ukae ubavuni, mama aufikie bila kumshusha mtoto." Mwenyekiti naye akaongeza: "Kifungo, si zipu. Zipu itamkwaruza mtoto." Hiyo ndiyo tuliyoshona, na mpaka leo tunaishona.

Lakini karatasi nayo ina ubaguzi wake. Mama mmoja, fundi hodari kutushinda sote, kalamu haimtii. Alikaa na karatasi tupu mpaka yule binti akainama, akamwandikia anayomnong'oneza. Na watu waliozoeana hujuana miandiko, kwa hiyo woga hauishi wote.

Hata hivyo, nikiulizwa mbeleko ile ni wazo la nani, siwezi kumtaja mtu mmoja. Bila dada yule isingekuwepo. Ingeshonwa alivyoiandika yeye peke yake, mfuko usingefulika bila kufua mbeleko nzima. Basi nihesabuni upande wa kundi, mradi liandike kabla ya kusema, na asiyeandika apate wa kumwandikia.