Maswali na Majibu: Kumwandaa afisa kwa kazi ya majeshi mchanganyiko

SWALI: Mhariri, salaam. Nimepewa wiki mbili kuwaandaa makapteni na mameja wanaokwenda kuwa maafisa wanadhimu (wapangaji wa operesheni makao makuu) kwenye ujumbe wa Umoja wa Mataifa huko Kongo. Wote wameongoza kombania. Nitilie mkazo nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Afande, moduli tatu za msingi za Umoja wa Mataifa, yaani masomo ya kabla ya kwenda kwenye ujumbe, hazikwepeki, ila usiziache zimeze muda wote. Maafisa hao wanajua kupigana. Watakwama kwenye karatasi.

Anza na saa. Kongo ina kanda mbili za saa, na Entebbe, Uganda, inakopitia mizigo, ina yake. Ndege ikiruka Entebbe saa 3 asubuhi, Beni, mashariki mwa Kongo, ni saa 2 na Kinshasa ni saa 1. Mtu akiandika 0900 bila herufi ya ukanda, wasindikizaji wa Beni wataisoma kwa saa yao na kuchelewa saa nzima. Waandike 140900C: tarehe (14), saa na dakika (0900), ukanda (C, wa Entebbe). Au wote watumie Zulu, saa moja ya pamoja ya dunia (UTC), yaani 140600Z.

Kisha ramani. Nyuzi moja ina dakika 60, hivyo nyuzi 0 dakika 30 ni 0.50 kwa desimali. Anayeandika 0.30 amehamisha doria takriban kilomita 22. Amua mfumo mmoja wa gridi. Tarakimu sita za gridi hukupa usahihi wa mita 100, nane hukupa mita 10.

Kwenye maelezo ya amri, piga marufuku kuuliza “mmeelewa?” Kila mtu ataitikia ndiyo, hasa anayeona haya kwa Kiingereza chake. Msikilizaji arudie kwa maneno yake: kazi, mahali, saa, mipaka. Vifupisho vya jeshi la nyumbani vibaki nyumbani.

Jambo zito zaidi ni mipaka ya kikosi cha kila nchi, iwe ya vifaa au ya masharti ya serikali yake. Kuna kikosi kisicho na vifaa vya kuonea usiku, kingine hakiwezi kutoka eneo lake bila idhini ya serikali yake. Mnadhimu asiyelijua hilo hupanga doria ya usiku, ikavunjika saa mbili kabla. Kwenye zoezi, kila kundi litengeneze jedwali: kikosi, kinachoweza, kisichoweza, nani wa kuulizwa, jibu huchukua muda gani.

Wasome na azimio lenyewe la Baraza la Usalama linaloupa ujumbe mamlaka. Azimio 2098 la Machi 2013 liliiruhusu brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kuyashambulia makundi yenye silaha, peke yake au pamoja na jeshi la Kongo. Brigedi nyingine za ujumbe huohuo hazikupewa jukumu hilo.

SWALI: Bosi wa afisa wetu huko akiwa luteni kanali wa nchi nyingine, ripoti aitume kwetu nyumbani kwanza?

JIBU: Hapana. Ripoti za operesheni hupita kwa bosi wake wa ujumbe. Nidhamu na ustawi hupitia kwa afisa mwandamizi wa nchi yake. Ikija amri ya nyumbani inayogusa operesheni, mkuu wa majeshi yote ya ujumbe ajulishwe saa hiyohiyo, kwa maandishi.