Kusasisha Programu Dhibiti ya Diski kwa Laptopu Pekee

Swali ninaloulizwa mara nyingi na mafundi wenzangu, na hata na watu wanaonunua diski zilizotumika, ni kama kazi ya kusasisha programu dhibiti (firmware) ya diski inahitaji kompyuta ya mezani. Nimeifanya kazi hiyo kwa laptopu pekee na jibu langu ni kwamba haihitaji. Tena laptopu yenye betri nzima ni salama kuliko kompyuta ya mezani isiyo na UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika), kwa sababu balaa kubwa katika kazi hii ni umeme kukatika wakati diski inaandika programu mpya ndani yake, na sisi tuliozoea mgawo wa umeme tunajua kwamba haupigi hodi. Mambo yanayotaka uangalifu ni mawili: njia ambayo laptopu inazungumza na diski, na mahali diski inapopata umeme wake.

Programu dhibiti ndiyo inayoiendesha diski kabla Windows au Linux haijaigusa. Ikiwa na kasoro, diski ambayo sahani zake, zile zinazozunguka na kubeba data, ni nzima inaweza kugoma bila dalili yoyote. Mwanzoni mwa 2009 wamiliki wengi wa diski za Seagate Barracuda 7200.11 zenye toleo SD15 la programu dhibiti waliwasha kompyuta asubuhi na kukuta diski haionekani kabisa, ingawa data yao ilikuwa bado ipo kwenye sahani. SSD (diski za chipu zisizo na sahani) za Crucial m4 zilikuwa zikiganda baada ya kufikisha takribani saa 5,184 za kazi, kisha zikiwashwa upya zinafanya kazi kwa saa moja hivi na kuganda tena. Toleo 0309 la Januari 2012 ndilo lililoondoa tatizo hilo. Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za seva zingekufa zikifika saa 32,768, na data isingerudi. Ukiona takwimu hizo utaelewa kwa nini ninasisitiza kuangalia toleo la diski iliyotumika kabla ya kuikabidhi picha za familia au hesabu za duka.

Hata hivyo, sisasishi diski kwa sababu tu kuna toleo jipya. Marekebisho ya kwanza ya hizo Barracuda yaliziua baadhi ya diski za gigabaiti 500 zilizokuwa zikifanya kazi vizuri, na Seagate ikalazimika kuyaondoa na kutoa mengine. Ninasasisha pale tu ambapo mtengenezaji ametaja kasoro inayoihusu diski niliyo nayo. Kwenye Linux, amri ya smartctl -i inaonyesha namba ya modeli na toleo la programu dhibiti. Kwenye Windows, programu ya CrystalDiskInfo inaonyesha yale yale. Linganisha modeli herufi kwa herufi, kwa maana diski mbili za ukubwa mmoja na jina moja la biashara zinaweza kuwa na bodi tofauti kabisa. Soma pia lebo ya diski. Diski nyingi zilizotoka kwenye kompyuta za ofisi zina chapa ya Dell au HP, na programu dhibiti yake hutafutwa kwa hao walioiuza pamoja na kompyuta, hata kama aliyeitengeneza diski ni mwingine. Namba ya toleo nayo haisemi yote kila mara: Samsung iliporekebisha kasoro ya diski za HD204UI iliacha namba ya toleo ile ile, hivyo diski iliyotibiwa na isiyotibiwa husomeka sawa.

Kabla ya lolote, nakili data yote mahali pengine. Diski inayogonga, au ambayo smartctl inaonyesha sekta zake (vipande vidogo vya kuhifadhia data) mbovu zinaongezeka, usiisasishe hata kidogo. Sehemu kubwa ya programu dhibiti ya diski ya sahani imeandikwa kwenye eneo maalumu la sahani zenyewe, na kuandika hapo wakati sahani inachakaa kunaweza kuwa ndiyo mara ya mwisho diski hiyo kuonekana. Okoa data yako, kisha iache.

Sasa njia. Wengi wenye laptopu hukimbilia adapta ya USB, na hapo ndipo kazi nyingi hukwama. Ndani ya adapta kuna chipu inayosimama kati ya laptopu na diski kama mkalimani, na wakalimani wengi wa aina hii wanajua kusoma na kuandika mafaili tu. Amri ya kupakia programu dhibiti hawaifikishi, au wanaifikisha nusu. Programu za watengenezaji wengi kwa sababu hiyo haziioni diski iliyo nyuma ya USB. Ushauri wangu ni kutotumia USB kwa kazi hii, isipokuwa diski yenyewe ni ya nje na mtengenezaji ametoa programu yake kwa ajili ya USB.

Diski ya inchi 2.5 au SSD ya NVMe (ile nyembamba inayochomekwa kwenye bodi ya laptopu) haina shida: ifunge ndani ya laptopu, pale diski ya kawaida inapokaa, kisha washa kwa flashi uliyoitengeneza kutokana na faili la mtengenezaji. Laptopu ikikataa kuwaka kwa flashi, zima Secure Boot (kinga inayozuia kuwaka kwa programu isiyotambuliwa) kwa muda kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya laptopu, lakini kama diski ya Windows imefungwa kwa siri ya BitLocker, hakikisha kwanza unao ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48, maana itauomba. Kama diski haionekani, angalia kama BIOS imewekwa kwenye RAID badala ya AHCI, ambazo ni njia mbili za laptopu kuzungumza na diski. Ukibadilisha, rudisha ulivyokuta kabla ya kuwasha Windows.

Diski ya inchi 3.5 ndiyo yenye kazi. Plagi yake ya SATA, ya data na umeme, ni ile ile ya inchi 2.5, lakini mota yake inataka volti 12, na laptopu inatoa volti 5 tu mahali pa diski. Ninachofanya ni kutoa diski ya laptopu, kuchomeka kebo ya data ya kurefushia kwenye soketi iliyobaki wazi, na kuipa diski umeme kutoka adapta ya nje yenye volti 12 na 5, ile inayouzwa pamoja na vifaa vya kubadili SATA kuwa USB. Diski huwashwa kwanza, ninasubiri sauti ya mota itulie, ndipo nawasha laptopu, kwa kuwa laptopu nyingi hutafuta diski wakati wa kuwaka tu. Kuitoa diski ya ndani kuna faida nyingine ninayoithamini sana: hakuna diski ya pili unayoweza kuiandikia kwa bahati mbaya. Lakini kumbuka kwamba betri ya laptopu hapa haiilindi diski. Adapta yake iko ukutani, kwa hiyo iunganishe kwenye UPS au inveta yenye betri, na kama huna, azima kwa siku hiyo.

Programu ya mtengenezaji ndiyo ninayoiamini. Programu ya hdparm ya Linux nayo inaweza kupakia programu dhibiti, lakini walioiandika wamemlazimisha mtumiaji aongeze kwenye amri maneno ya kukiri kwamba anajua anachofanya na kwamba anaomba diski yake iharibiwe, nami naona tahadhari hiyo imestahili. Chaji betri ijae, acha chaja ikiwa imechomekwa, na usiiguse meza. Uandishi wenyewe kwa kawaida ni wa dakika chache au pungufu. Diski inaweza kusimama na kuanza kuzunguka tena, na hilo lisikutie hofu.

Ikimaliza, zima kabisa na ukate umeme wa diski, kwa sababu kuwasha upya laptopu pekee mara nyingine hakutoshi kuifanya ianze na toleo jipya. Soma toleo tena kwa smartctl, kisha ipe diski jaribio refu la smartctl -t long kabla ya kuirudishia data.

Ikiwa haionekani, iache bila umeme kwa dakika chache na ujaribu mara nyingine kwa kebo tofauti. Ikishindikana, usirudie kuipakia programu ile ile. Barracuda nyingi za 2009 zilifufuliwa kwa kuunganisha nyaya za mawasiliano kwenye pini ndogo zilizo kando ya plagi ya SATA na kuipa diski amri moja kwa moja. Fundi wa kuokoa data anayeijua kazi hiyo atakuwa na nafasi kubwa ya kufaulu akiipokea diski ambayo haijasumbuliwa zaidi.