Kwa Wanaoanza Kuandika Habari za Wahakiki wa Paris

Nimemaliza kusoma rasimu zenu za kijitabu cha wahakiki wa Cahiers du cinéma, lile jarida la filamu la Paris, na kabla ya kikombe cha pili cha kahawa nilishajua nani kanakili kwa nani. Wanangu, nawapenda, lakini mbona makosa ni yale yale tuliyoyafanya sisi, nyinyi mkiwa bado shule ya msingi? Nayaandika hapa mara moja, nisije nikayarudia kila tukikutana mpaka sauti inikauke.

1. Toleo lenyewe kwanza: nambari, mwezi, ukurasa. Makala ya François Truffaut, mhakiki aliyekuja kuwa mwongozaji wa filamu, ya kuwashambulia waandishi wa miswada ya filamu za Ufaransa iko toleo la 31, Januari 1954. Anayeandika "miaka ya hamsini hivi" hajaliona. Tafsiri za Kiingereza zitumieni, ila angalieni kama makala imekatwa.

2. Majina ya kalamu. Maurice Schérer ndiye Éric Rohmer. Hans Lucas ndiye Jean-Luc Godard. Wote wawili wahakiki wa jarida hilo, baadaye waongozaji. Rasimu moja (mwenyewe anajijua, na jana kala mahamri yangu) inasema Schérer "alimwathiri sana" Rohmer. Naam, hakika alimwathiri, maana hawakuachana hata usingizini. Pangeni orodha ya majina kabla hamjaanza kuhesabu wahakiki.

3. Mashahidi watatu huenda ni mmoja. Hili nalijua kwa gharama.

Maonyesho yetu ya kwanza tuliyafanya Mji wa Kale, Mombasa, ukumbi wa kukodi, na bango kubwa la ukutani niliandika mimi. Nilieleza kwamba Januari 1954 Truffaut, kijana wa miaka 21, alichapisha makala yake, na tangu siku hiyo jarida zima likawa na msimamo mmoja: waongozaji hawa tunawatetea, hawa hatuwataki. Nilikuwa na vitabu vitatu, vyote vinasema hivyo hivyo. Nikajiona nimefika. Bango likachapwa kwa rangi, kwa pesa za mchango.

Jioni ya ufunguzi akaingia mzee mmoja wa Kibokoni, maalim, umri wake wote kasomesha watoto wa mtaa Hadithi za Mtume. Filamu za Kifaransa zilikuwa hazimhusu ndewe wala sikio. Alimfuata mjukuu wake aliyekuwa akigawa maji ya ukwaju. Akalisoma bango lote, polepole, mikono nyuma. Kisha:

"Mwanangu, habari hii isnadi yake, mnyororo wa wapokezi wake, ni ipi?"

Nikamtajia vitabu vyangu, kifua mbele.

"Na hao watatu wamepokea kwa nani?"

Nikanyamaza. Tanbihi sikuwa nimezifungua hata moja.

"Basi una mpokezi mmoja, kabadilisha kanzu tu," akasema, akaenda zake kwenye ukwaju.

Usiku ule nikazifungua. Vitabu vyote vilirudi kwa Jacques Doniol-Valcroze, mmoja wa waanzilishi, akisimulia historia ya jarida lao katika toleo la 100, Oktoba 1959. Itazameni tarehe hiyo. Mei ya mwaka huohuo Truffaut alikuwa ametunukiwa tuzo ya uongozaji kwenye tamasha la filamu la Cannes. Watu wakishashinda, kila mmoja hukumbuka siku safari ilipoanza, na kumbe alikuwapo. Simwiti mwongo. Maneno yake ni ushahidi safi wa jinsi walivyojiona mwaka 1959. Kwa mwaka 1954 ni kumbukumbu, na kumbukumbu huhojiwa. Na la kunitia aibu zaidi, la kunipinga lilikuwa ndani ya jarida hilohilo: toleo la 70, Aprili 1957, André Bazin, mwanzilishi mwenziwe, aliwaonya vijana wake kwamba kumtukuza mwongozaji kunamfanya mhakiki asifu filamu dhaifu kwa ajili ya jina tu. Miaka mitatu baada ya ule "msimamo mmoja" wangu!

Bango lilibaki ukutani mpaka maonyesho yakaisha, maana pesa za kuchapa jingine hatukuwa nazo. Kila mtu akisimama kulisoma, mimi nikawa napigiwa simu.

4. Someni wapinzani. Positif, jarida jingine la filamu la Ufaransa, lilianza Lyon mwaka 1952 na halikuwapenda watu wa Cahiers hata kidogo. Hasimu huandika yale ambayo rafiki huyafunika, ila naye ana lake jambo. Na Andrew Sarris, mhakiki wa Kimarekani, jamani! Aliandika New York, mwaka 1962. Anawaeleza nyinyi jinsi Wamarekani walivyolipokea jambo hili la kumtukuza mwongozaji, basi. Msimlete kuwa shahidi wa Paris ya 1954. Tena mkimsoma, msomeni na Pauline Kael, mhakiki mwenzake aliyemjibu mwaka 1963, hata kama ni kwa kucheka tu.

5. Mahojiano ya uzeeni: mwaka wa mahojiano uandikwe kando ya mwaka wa tukio. Kila mara.

6. Anayesema "inajulikana kwamba" aniambie inajulikana na nani. Nimeikuta mara nyingi, na kila nikiuliza mwenye sentensi anatazama dari.

Rasimu zirudi kwangu Alhamisi kabla ya Magharibi. Kila sentensi yenye tarehe iwe na isnadi yake pambizoni mpaka mpokezi wa mwisho, kwa penseli, kwa sababu nusu yake tutaifuta.