Mpwa wa nyumbani kwetu

Mmeuliza wiki hii mwandishi gani kakufanya uiangalie familia yenu kwa jicho jingine. Mie namtaja Abdulrazak Gurnah, na najua wengi watamtaja kwa ajili ya ile tuzo ya Nobel ya fasihi ya 2021, hata mie bila Nobel nisingemjua, siwezi kusema uongo. Nakumbuka Oktoba ile magrupu ya WhatsApp yalivyowaka, hawa wanasema Mzanzibari wetu kashinda, wale wanauliza wetu tangu lini, kaondoka miaka ya sitini baada ya Mapinduzi, yuko Uingereza, anaandika Kiingereza, na uraia pacha sisi hatuna. Walibishana mpaka usiku na naapa mle hakuna hata mmoja aliyekuwa kasoma kitabu chake, na mie nikiwemo.

Kitabu nilikuja kukipata baadae, Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis waliyoitoa Mkuki na Nyota 2022. Chenyewe kwa Kiingereza kinaitwa Paradise, cha 1994. Nilimnunulia mwanangu kwa kweli, akasoma kurasa kumi akakiacha juu ya friji, ndo nikaanza mie. Kuna kijana Yusuf, miaka kumi na mbili, baba yake ana kihoteli, na kuna tajiri mmoja anaitwa Aziz ambaye akipita pale kwao anakula, ananukia vizuri, na kila akiondoka anamwachia Yusuf sarafu ya anna kumi. Yusuf anamwita anko. Siku moja anaambiwa utasafiri na anko, wanapanda treni, ndo imetoka hiyo. Kule pwani kwa tajiri anamkuta Khalil anauza duka, na Khalil hachoki kumwambia we mjinga nini, huyo sio anko wako, baba yako anadaiwa, umewekwa rehani. Na Khalil mwenyewe ni rehani vilevile.

Hapo nilikiweka kitabu chini nikaenda kuteleka chai ambayo sikuinywa. Sio kwamba mie niliwekwa rehani, la. Mie nilikuwa upande wa pili, upande wa nyumba ya anko.

Kwetu ni Tanga, Ngamiani, na nilipokuwa mdogo, miaka ya themanini mwishoni, pale nyumbani kulikuwa na kijana tukimwita Mpwa. Baba anamwita Mpwa, mama anamwita Mpwa, majirani, muuza maji, na mie niliyekuwa mdogo kwake kwa miaka sita au saba nikimwita Mpwa vilevile, wala haikunijia siku hata moja kujiuliza mtoto wa miaka saba anakuwaje na mpwa mwenye kumi na nne. Wageni wakija mama anasema huyu mpwa wetu, twaishi nae, na anasema kwa mapenzi kabisa. Alafu Mpwa anateka maji, anakuna nazi, anapeleka mikate ya kumimina kwa wateja wa mama, anatupeleka chuoni kusoma Kurani anaturudisha, na chakula kikiiva sinia linakuja ukumbini tunalizunguka sote mkekani, yeye yuko jikoni. Hakuna aliyemwambia akae jikoni. Hilo ndo linalonikera mpaka leo, kwamba hakuna aliyesema. Alikuwa na sahani yake ya bati, ya kijani, imebanduka rangi pembeni ikawa na weusi kama ramani ya kisiwa, inakaa peke yake chini ya meza. Siku moja nilitaka kulia embe nikaichukua, mama akaninyang'anya, "hiyo ya Mpwa hiyo!" kama mtu anayesema hiyo ya paka. Na mama yangu ni mtu wa huruma, mtaa mzima watakwambia.

Aliondoka mwenyewe kwenye 1993 hivi, siku ya kawaida tu, na sisi tukaanza kuteka maji. Baba alivyofariki alikuja mazikoni, mtu mzima, kanzu safi, ana ndevu, watu wakampisha akae barazani na wanaume wenzie. Alikaa kidogo. Nilivyotoka uani nikamkuta kakunja mikono ya kanzu anabeba ndoo za maji kupelekea wapishi.

Kwa hiyo nikisikia watu wanasema Gurnah anaandika ukoloni na ukimbizi (hata wale wa Nobel walivitaja hivyo) nasema sawa, vimo, Wajerumani wamo, viwanja vya ndege vimo, ila mie nnachokiona kila kitabu ni nyumba. Nani anakula ukumbini, nani jikoni, nani anaitwa ndugu na ni kwa ajili gani, na jambo gani hapo ndani wote wanalijua na hawalisemi.

Nikamsumbua binamu yangu wa London aniletee vingine, vya Kiingereza, nimevisoma na dikshenari ya kwenye simu pembeni. Sijavimaliza vyote. By the Sea, wa 2001, kuna mzee Saleh Omar anatua Gatwick kuomba hifadhi, kwenye begi ana kijisanduku cha udi, afisa uhamiaji anafungua, ananusa, anauchukua. Watu wakisimulia kitabu hiki wanasimulia hapo na kweli inauma, udi mzuri wenye nao ndo wanaujua. Lakini mie kilichonikaa ni kwamba paspoti aliyokuja nayo ina jina la mtu mwingine, na mtu huyo ndo yule ambaye huyu mzee aliichukua nyumba yake kule kwao kwa mambo ya madeni! Kamchukulia nyumba, kaja kumchukulia na jina. Alafu mtoto wa yule bwana yuko hukohuko Uingereza, wanakutana, wanakaa kwenye viti wanasutana taratibu kama wazee wa barazani, huyu anasema hivi ndo ilivyokuwa na mwenzie anasema sivyo tulivyoambiwa sie nyumbani. Katikati kinachosha kidogo, nikubali, ila nani kwao hakuna kesi ya nyumba?

Gravel Heart wa 2017 ndo kipenzi changu. Baba kahama nyumbani, kapanga chumba nyuma ya duka la mtu, hasemi kwa nini, na mama kila siku anampelekea chakula kwenye kapu, mtoto akikua kidogo kapu anabeba yeye. Kila siku! Leo kapu linakwenda, la jana linarudi na vyombo. Mtoto anakwenda mpaka London, anazeeka huko na lile swali, na sababu yenyewe akija kuijua unatamani asingeijua. Sababu siitaji hapa, msome wenyewe. Kile cha 1996, Admiring Silence, jamaa anaishi Uingereza miaka ishirini na mwanamke na wana binti mkubwa, kwao hajawaambia, anarudi likizo anakuta wameshamtafutia mchumba. Nilicheka alafu nikakumbuka kaka yangu, sitaendelea hapo. Afterlives una vita ya Wajerumani na maaskari na mambo mazito lakini mie nilimlilia Afiya tu, mtoto anavunjwa mkono na anayejiita ami yake kwa kosa la kujua kuandika. Na Dottie wa 1990 hauna Zanzibar kabisa, ni msichana mweusi wa hukohuko Uingereza anahangaika na wadogo zake, kwenye majina yake limo Fatma na hajui limeingiaje.

Huu mpya wa 2025, Theft, nilikuwa nauogopa tangu nilivyosikia una mtumishi wa ndani. Badar anapelekwa kijana mdogo Dar kwenye nyumba ya watu, na kuna kitu kati yake na nyumba ile ambacho wakubwa wanakijua yeye hakijui. Nikausoma siku tatu, nikaenda kwa mama.

Nilimkuta anachambua mchele. Nikamuuliza mama, hivi Mpwa alikuwa mpwa wa nani? Akasema si mpwa wetu. Nikamwambia wa nani, wewe huna dada na baba dada yake ni shangazi tu ambaye hakujaaliwa mtoto. Kimya. Akasema alikuwa wa watu wa Pangani huko, baba yako ndo alimleta. Nikauliza mamaake je? "Mwanangu, mchele wa siku hizi una mawe."

Sikumbana. Macho yake saivi hayasomi, nikamwambia ntakusomea hadithi, nikaanza Peponi, kila siku baada ya isha, kurasa tano sita. Anaipenda. Pale Khalil anaposema huyo sio anko wako mama akanikatiza, "mbona anko mwenyewe anamlisha vizuri tu?" Nikanyamaza nikaendelea kusoma, nilikuwa sina jibu la kumjibu mama yangu usiku ule.

Wiki iliyopita nimeshazima taa naondoka akaniita kutoka kitandani. Akanitajia jina. La Mpwa, lile alilopewa na mamaake, na akasema mamaake alikuwa anakuja kila mfungo sita, mwezi wa Maulidi, pale kwetu, anasimama mlango wa uani, hakai. Mie simkumbuki kabisa huyo mama. Jina silitaji hapa, sio langu, ila kwenye simu nimeshalibadilisha, maana namba yake nnayo tangu ule msiba na nilikuwa nimeisevu Mpwa.

Bado sijapiga. Kitabuni tumefika pale wanapofunga mizigo ya safari ya bara, na mama keshaniuliza mara mbili leo naja saa ngapi.